Pesa kidogo ziende mbio, pesa nyingi zingoje

Ukikaa barazani na watu wa umri wangu, iwe Maskati, Dubai au London, maongezi hayendi mbali kabla ya mmoja kuilalamikia benki. Huyu anasema simu imemtaka abadilishe neno la siri tena. Yule anasema alikwenda tawini kuhamisha pesa, kijana wa dirishani akamwambia, "Mama, hayo siku hizi unafanya mwenyewe kwenye simu." Watoto wetu nao wana malalamiko yao, ila ni ya kinyume: benki inawauliza maswali mengi, na wao wanataka kubonyeza mara moja pesa ziwe zimeshafika.

Kila upande una haki yake. Lakini tunazungumza kama kwamba usalama na wepesi ni sahani mbili za mizani, ukiongeza huku lazima upunguze kule. Mimi siamini hivyo. La kujiuliza ni wapi pesa ziende haraka na wapi zingoje. Pesa ya mkate, ya umeme, ya kumtumia mtoto chuoni, hiyo iende mbio, tena bila ya maudhi. Akiba ya maisha lazima ingoje, hata kama mwenyewe ana haraka nayo. Tunachokiona mara nyingi ni kinyume chake. Mzee anasumbuliwa na nambari za siri ili aone salio la riali 12, lakini tapeli akishaingia ndani anaweza kuimaliza akiba ya miaka 20 kwa usiku mmoja, watu wamelala.

Nisieleweke kuwa naupinga wepesi. Zamani kumtumia ndugu yako wa Unguja au Mombasa pesa ilikuwa kazi ya kutafuta msafiri wa kuaminika, umpe bahasha, kisha ukae ukingoja khabari kuwa imefika. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, na Tanzania mwaka 2008, mambo yakageuka. Leo ndugu anapata pesa kabla hujamaliza kumwambia kwa simu kuwa umetuma. Na kwa mjane asiyeendesha gari, katika joto la Julai la Maskati, kulipa bili ya umeme akiwa kitini kwake ni rehema. Tena wepesi huu umewapa wanawake wengi wa majumba yetu kitu ambacho mama zao hawakuwa nacho: kuijua pesa yao wenyewe bila ya kumngoja mwanamme awapeleke benki. Mtu asije akatwambia turudi nyuma.

Sasa tumtazame mwizi. Mwizi wa leo havunji benki, anakuomba wewe umfungulie mlango. Unapata ujumbe kuwa kadi yako imesimamishwa, au una faini ya barabarani, au kifurushi chako kimekwama kwa sababu ya baisa 500. Chini kuna linki. Ukiibonyeza unauona ukurasa wenye nembo ya benki yako na rangi zake zile zile. Unaandika nambari ya kadi. Wakati huo huo mwizi, aliyekaa upande wa pili, anaiandika nambari hiyo kwenye benki ya kweli. Benki ya kweli inafanya kazi yake: inakuletea OTP, ile nambari fupi ya kutumika mara moja. Wewe unaiandika kwenye ukurasa wa uongo. Imekwisha. Nambari iliyowekwa ikulinde ndiyo iliyompa mwizi ufunguo.

Mwengine anapiga simu, anazungumza Kiarabu kizuri au Kiingereza, anajiita ofisa wa benki au polisi, na anakwambia pesa zako ziko hatarini, uzihamishe sasa hivi kwenye "akaunti salama". Mwengine hakupigii kabisa. Anakwenda kwenye duka la simu na kitambulisho cha kughushi, anapewa laini mpya yenye nambari yako, simu yako inakatika mtandao, na OTP zako zote zinakwenda kwake. Ndugu zetu wa Bara na Visiwani nao wanaujua ujumbe wao: "Ile pesa tuma kwenye namba hii."

Vitimbi ni vingi, lakini vyote vinakula chakula kimoja, nacho ni haraka. Wewe uwe na haraka, na benki nayo iwe na haraka. Ondoa haraka hiyo na vitimbi vingi vinakufa vyenyewe, kwa sababu ukilala usiku mmoja asubuhi utamhadithia binti yako, na binti yako atapiga ukelele. Wazee walisema haraka haraka haina baraka, na kwenye mambo ya benki wamesema kweli tupu.

Na sasa nije kwenye jambo ambalo majumbani mwetu hatulisemi. Benki, kwa nia njema, imemwekea bibi neno la siri lenye herufi kubwa na ndogo na tarakimu na alama, ikaongeza nambari ya siri ya programu, ikaongeza OTP, ikaongeza picha ya uso inayokataa kwa sababu taa ni hafifu. Bibi anafanya nini? Anamwita mjukuu. "Njoo baba, niangalizie." Mara ya kwanza mjukuu anamsaidia. Mara ya pili anabonyeza mwenyewe. Mara ya tatu programu imeshahamia kwenye simu ya mjukuu, na kidole kinachoifungua ni cha mjukuu. Kwenye makaratasi ya benki, akaunti hii ina ulinzi wa kila aina. Kwa hakika mwenye akaunti hana tena ufunguo wa pesa zake.

Ndiyo maana nasema ulinzi ambao mzee hawezi kuubeba si ulinzi. Ataukabidhi kwa mtu, na hapo umeshavunjika bila ya mwizi kugusa kitu.

Simtuhumu mjukuu. Wengi wao ni watoto wema, na wallahi bila yao tusingejua hata kuwasha hizi simu. Lakini fikirini. Mjukuu anakwenda kusoma Manchester, bibi huku anabaki hana njia ya kuiona pesa yake. Au mjukuu mwenyewe anabonyeza linki ya uongo, na pesa inayokwenda ni ya bibi. Au bibi anafariki, Mungu amrehemu, na warithi wanakaa wakiuliza riali 3,000 zilikwenda wapi. Yule kijana aliyemnunulia dawa na kumlipia msaidizi wa kazi kwa miaka 2 hana karatasi hata moja ya kumtetea. Nyumba ngapi zimegawanyika kwa jambo kama hili? Dini yetu imetufundisha kuandika deni na kuweka mashahidi. Haikusema tuandike kwa watu tusiowaamini tu.

Na kuna heshima. Mtu aliyesomesha watoto 6, aliyeendesha nyumba miaka 40, anafika mahala anaomba pesa yake mwenyewe: "Mwanangu, nina shilingi ngapi?" Hilo halihesabiwi kwenye ripoti yoyote ya wizi, na kwangu mimi ni hasara kubwa.

Nilisoma sekondari kwenye skuli ya misheni, mtoto wa Kiislamu mbele ya mapadri, na mpango wao wa fedha nimeushika mpaka leo. Pesa ndogo za matumizi ya siku zilikaa kwenye droo ya karani, na karani alizitoa bila ya kumuuliza mtu: chaki, sabuni, nauli ya mgonjwa. Ada za wanafunzi zilikaa kwenye sanduku la chuma lenye kufuli mbili. Ufunguo mmoja alikuwa nao mwalimu mkuu, wa pili mtunza fedha. Hakuna aliyesema kuwa mmoja wao mwizi. Sanduku lilikuwa linawalinda wote wawili na tuhuma, na liliilinda ada na siku mbaya ya mmoja wao. Na sikusikia mtu kulalamika kuwa lile sanduku linafunguka taratibu, maana halikuwekwa lifunguliwe kila siku.

Droo na sanduku. Benki ya simu inahitaji vyote viwili, na nchi nyengine zimeshaanza kuviweka.

Chukua Singapore. Mwisho wa mwaka 2021, wateja karibu 790 wa benki ya OCBC waliibiwa dola milioni 13.7 za huko kwa ujumbe wa uongo, tena ujumbe wenyewe uliingia kwenye simu zao chini ya jina la benki, pamoja na ujumbe wa kweli. Benki iliamua kuwarudishia. Lakini lililonivutia mimi ni yaliyofuata mwaka 2022. Mabenki yaliambiwa yasitume tena linki kwa wateja kwa ujumbe wa simu na barua pepe. Na mtu akiweka ufunguo wa benki kwenye simu mpya, ufunguo huo usianze kufanya kazi mpaka yapite masaa 12. Baadaye ikaja swichi ya dharura: ukishuku kitu, unaifunga akaunti yako mwenyewe papo hapo bila ya kumngoja mtu. Kisha yakaja mabenki makubwa ya huko na kufuli ya pesa: unatenga kiasi fulani cha akiba ambacho hakitoki kwa simu kabisa. Hilo ndilo sanduku la chuma. Pesa za droo zinaendelea kwenda mbio kama kawaida.

Uingereza wamepita njia nyengine. Tangu tarehe 7 Oktoba 2024, mtu akidanganywa akahamisha pesa yake mwenyewe kwa tapeli, benki inatakiwa imrudishie, mpaka pauni 85,000, na gharama wanagawana nusu kwa nusu benki iliyotuma na benki iliyopokea. Tazama akili ya jambo hili: benki iliyomfungulia tapeli akaunti nayo inalipa. Na tangu mwezi huo huo benki ikiwa na sababu ya kushuku, imeruhusiwa kuyachelewesha malipo kwa masaa 72 zaidi. Lakini ndugu zetu wa London, Leicester na Cardiff wajue kitu kimoja: kanuni hiyo ni ya pesa zinazotoka akaunti ya Uingereza kwenda akaunti nyengine ya Uingereza. Ukidanganywa ukatuma Maskati, Dubai au Unguja, kinga hiyo haikufuati.

Kwa majirani zetu wa Imarati, tangu Julai 2025 mabenki yameanza kuacha kutuma OTP kwa ujumbe wa simu na barua pepe, kwa agizo la Benki Kuu yao lililotaka kazi ikamilike kufikia Machi 2026. Badala yake unathibitisha ndani ya programu ya benki, kwa uso au kidole. Kiusalama ni hatua nzuri. Mwizi aliyechukua laini yako hapati kitu, na hakuna nambari ya kumsomea tapeli kwenye simu. Lakini kwa wazee wetu ina pande mbili. Sasa kila kitu kimo ndani ya chombo kimoja. Simu ikipotea, au ikiwa nambari ya kuifungulia simu ni 1234 na nyumba nzima inaijua, umempa mtu kila kitu kwa mkono mmoja. Na yule bibi ambaye programu yake iko kwenye simu ya mjukuu sasa hata ile OTP haioni tena. Zamani angalau simu yake ililia, akajua kuna kitu kinafanyika.

Najua hoja itakayokuja. Msomaji atasema: mwalimu, ndugu yangu yuko Mnazi Mmoja usiku huu, daktari anataka pesa, wewe unaniambia nikae ningoje? Hapana. Kungoja ninakokutaka mimi ni pale mambo mawili yanapokutana: mpokeaji ni mgeni kwenye akaunti yako, na kiasi ni kikubwa kwa desturi yako. Ndugu yako wa Unguja si mgeni. Jina lake liwe limeshaandikwa kwenye akaunti yako leo, siku ambayo kila mtu ni mzima, ili siku ya shida pesa iende kwa dakika. Na riali 30 za dawa ziende hata kwa mgeni. Lakini riali 4,000 kwa mtu ambaye hujapata kumtumia, saa 5 usiku, hizo zilale. Tena tukumbuke kuwa "mimi ndugu yako, niko hospitali, hii ni nambari yangu mpya" ndiyo kilio ambacho matapeli wanakipenda kuliko vyote. Dharura ya kweli na dharura ya uongo zinakuja zimevaa nguo moja.

Kwa hiyo mabenki yetu ya Ghuba nayaomba mambo haya, na nawaomba wasomaji myaombe kwa sauti, kwenye matawi na kwa barua.

Kwanza, mteja awe na kiwango chake cha siku anachokiweka mwenyewe. Kukipunguza kufanyike papo hapo, kukipandisha kungoje siku nzima.

Pili, simu mpya ikiunganishwa na akaunti, pesa nyingi zisitoke mpaka yapite masaa kadhaa, na mwenye akaunti aarifiwe kwa njia zaidi ya moja.

Tatu, jina kamili la mpokeaji lionekane kabla ya pesa kutoka. Wenzetu wa Kenya na Tanzania wanaotuma kwa simu wameshazoea kuliona jina kabla ya kuthibitisha. Jambo lenyewe si geni.

Nne, kuwe na njia ya halali ya msaidizi. Mtoto au mjukuu aweze kuona akaunti ya mzazi na kupata habari kila pesa inapotoka, lakini asiweze kuitoa. Akitakiwa kuitoa, iwe kwa wakala ulioandikwa, kwa jina lake na kidole chake mwenyewe, ili kila alilolifanya lijulikane kuwa ni yeye. Hivyo mzazi analindwa, na mtoto mwema naye analindwa.

Tano, dirisha lisifungwe. Mzee asiyeweza simu bado ni mteja, na pesa zake zina thamani ile ile.

Na liko la sita, gumu zaidi. Mtu akiibiwa, jawabu analopewa mara nyingi ni: "Wewe mwenyewe ulitoa OTP." Ni kweli, alitoa. Lakini nani aliyejenga mlango unaofunguka kwa nambari moja ya kusoma kwenye simu? Nani aliyeruhusu akiba ya miaka 20 itoke mara 7 ndani ya saa moja kwenda kwa watu 7 wasiojulikana, bila ya kuuliza? Mwenye duka akiacha kufuli mbovu, hawezi kumwachia lawama yote mlinzi aliyesinzia. Sisemi benki ilipe kila kitu, maana ikiwa hivyo wako watakaofanya uzembe makusudi, na wengine watadanganya. Nasema isiwe sifuri. Benki ikibeba sehemu ya hasara, itajifunza yenyewe wapi pa kwenda polepole.

Tukiyangojea mabenki yatengeneze yao, majumbani tunaweza kuanza bila ya ruhusa ya mtu.

Fungua akaunti mbili. Moja ya matumizi, yenye pesa ya mwezi tu, hiyo ndiyo yenye kadi na ndiyo inayokaa kwenye simu. Ya pili ya akiba, isiyo na kadi, na uiulize benki kama inaweza kuizuia isitoe kwa simu kabisa. Andikisha leo majina ya jamaa unaowatumia mara kwa mara. Nambari ya siri ya kuifungua simu isiwe ile ile ya benki, wala mwaka wako wa kuzaliwa. Mtu akikupigia akasema yeye ni benki, kata simu kwa adabu, kisha piga mwenyewe nambari iliyoandikwa nyuma ya kadi yako. Kama ni benki kweli haitokasirika. Simu yako ikikatika mtandao ghafla bila ya sababu, usingoje kesho, nenda kwenye kampuni ya simu na benki siku hiyo hiyo. Na wekeni neno moja la nyumbani, mnalolijua nyinyi tu, la kumuuliza anayejiita ndugu yenu kwa nambari mpya.

Kwa nyinyi vijana nina neno moja. Mama anapokuomba umsaidie, kaa naye pembeni, umwache abonyeze mwenyewe, hata akichukua robo saa kwa kitu unachokifanya wewe kwa sekunde 10. Atakosea, atarudia, atachoka, kesho atajua. Kumnyang'anya simu ni rahisi zaidi, lakini unachomnyang'anya si simu peke yake.

Na kwa wazee wenzangu: Ijumaa hii, mkishakula na familia imekaa, mtu kwa mtu ajiulize, kadi yangu iko wapi, programu iko kwenye simu ya nani, nambari ya siri anaijua nani. Ikiwa jawabu ni jina la mtu mwengine, hata awe kipenzi chako, yaandikeni mambo sawasawa wiki hii, mkiwa wazima na mnapendana.